Mkono Baridi, Shavu la Mirungi: Nesi Wahiba na Majeruhi Wanaocheka

Saa tisa kasoro mchana, soko la mirungi limeshapwaya. Wanaume wameondoka na mafungu yao kwapani, kila mmoja anawahi ukuta wake wa kuegemea. Pikipiki zinapita kama zinafukuzwa. Kwa nesi Wahiba Hizam huu si wakati wa kukaa. Anasimama karibu na mlango.

Mlango huo ni wa chumba cha majeruhi katika hospitali ndogo ya wilaya, upande wa Ibb, nchini Yemen, pale barabara inaposhuka mlima kona baada ya kona. Wahiba amevaa nikabu, na miwani juu ya nikabu. Miguuni pake kuna beseni la plastiki la bluu.

"Tema," anamwambia kijana anayeingia.

Kijana shavu limemtuna upande mmoja kama ameficha limau. Ameingia kwa miguu yake mwenyewe, mama yake kamshika huku, ami yake kamshika huku. Kidevuni wamempaka unga wa kahawa kuzuia damu. Na anacheka.

"Dada, haya majani ya juu kabisa. Laini kama siagi. Niyatemee beseni?"

"Yatemee beseni, usitemee viatu vyangu."

Anatema. Wahiba anamgeukia ami. "Na wewe, haji."

"Mimi? Kwani mimi ndiye niliyepinduka?"

"Anayeingia kwangu anatema. Anayetaka kutafuna, uani kuna kivuli kizuri."

Ami anatema huku amefumba macho, kama mtu anayezika.

Kijana anaitwa Shauki, ana miaka ishirini. Ami yake ni Naji, ndugu wa marehemu baba yake, na ndiye mwenye kauli pale nyumbani. Mama yake ni Lutfia. Kabla ya adhuhuri pikipiki ya Shauki iliteleza kwenye kona, mpini ukamwingia ubavu wa kushoto. Akanyanyuka, akajikung'uta, akaiwasha tena, akafika nyumbani. Salta, mchuzi mzito wa mchana, ililetwa ikichemka, akaisukuma. Akaenda zake chumba cha wanaume, akakaa na ami yake, wakafungua fungu la mirungi.

Lutfia ndiye aliyeng'ang'ania waje. Alikuwa akipeleka maji mlangoni, kama wanawake wa hapa wanavyofanya, na aliona chupa ya kwanza imerudi tupu upesi mno, na ya pili pia.

"Kidevu kishonwe tu," anasema Naji. "Halafu twende zetu. Watu wanatungoja."

Watu wanaongoja si wa mchezo. Alasiri hii kuna kikao cha sulhu ya mpaka wa shamba alilowaachia marehemu. Wazee wa pande zote mbili wameshakaa. Shauki ndiye mrithi, asipokuwepo neno halikatiki. Kesi hiyo imewachosha miaka, na Naji hataki iharibike kwa sababu ya mchubuko wa kidevu.

Wahiba hatazami kidevu. Anampa Shauki maji asukutue, na anamwonya asimeze hata tone.

"Nina kiu, dada."

"Najua. Sukutua, tema."

Beseni hilo watu wengi wanalicheka, lakini lina sababu zake. Mgonjwa akizimia na majani mdomoni, yatamziba koo. Tena ulimi wa kijani haumwambii nesi kitu. Wahiba anataka kuona rangi ya mdomo wenyewe, ya ndani, na rangi ya kope akiivuta chini. Za Shauki zimepauka. Si sana. Mtu asiyezoea angesema kijana hakulala vizuri.

Kisha anamshika mkono.

"Hakuna mwanaume humu?" anauliza Naji.

"Yupo. Daktari anafunga mguu wa mtu chumba cha pili. Huu mkono hautamngoja."

Mkono wa Shauki ni baridi, na una unyevu kama ukuta wa kisima. Wahiba anatafuta mapigo, anatazama saa, midomo inacheza chini ya nikabu. "Mia moja na kumi na nane."

Naji anapiga paja. "Si ndiyo! Mirungi hiyo! Huyu akipata jani moyo wake unakimbia kuliko pikipiki yake."

Mama mwenzangu unayesoma, hapa weka kijiko chini usikilize, maana hapa ndipo tunapowapoteza watoto.

Mshtuko anaoutafuta Wahiba si ule wa kuogopa. Ni mwili kukosa damu ya kutosha kufika kila mahali. Damu si lazima uione chini. Inaweza kuwa inamwagika tumboni, ngozi haina hata alama. Na mwili una akili yake. Wahiba huwaeleza wanawake hivi: "Ni kama mama mwenye unga kidogo ndani. Anaanza kuwapunguzia wakubwa, wale wanaoweza kuvumilia. Mchanga anampa mpaka mwisho. Mwili unainyima mikono na miguu, unaupa moyo na ubongo. Kwa hiyo mtu anaongea, anacheka, na mikono imeshalala njaa."

Kijana ndiye anayedanganya zaidi. Mzee akipoteza damu utamwona mapema. Kijana mwili wake una nguvu za kuficha, unaficha, unaficha, halafu unaanguka mara moja, na hapo hata ukimbie vipi umeshachelewa.

Sasa tia mirungi hapo. Anayetafuna moyo unamwenda mbio. Anayevuja damu ndani, vilevile. Mtafunaji ana kiu, hataki chakula, hatulii mahali pamoja. Majeruhi naye ana kiu, hataki chakula, hatulii. Kila dalili ambayo ingemwamsha mama katika nchi nyingine, hapa ina jibu tayari: mirungi hiyo, mwacheni.

Wahiba ana njia yake ya kutenganisha.

"Mmetafuna fungu moja?" anamuuliza Naji.

"Moja. Mimi ndiye niliyenunua, mimi ndiye niliyegawa."

"Vizuri. Lete mkono wako."

"Wangu wa nini tena?"

"Lete, ami. Sikuposi."

Lutfia anacheka mara ya kwanza tangu aingie. Naji anatoa mkono. Ni wa moto. Mapigo ni tisini na sita. Wahiba anamfunga kipimo cha presha, anapampu, anasikiliza. Ya juu ni mia moja na hamsini na tano. Halafu anamfunga Shauki. Ya juu mia moja na kumi na mbili, ya chini tisini.

"Sikiliza," anamwambia Naji. "Mirungi ikipandisha mapigo inapandisha na presha. Wewe zimepanda zote mbili, tena uje siku nyingine tuzungumze habari yako peke yako. Huyu mapigo yake yamekupita, na presha haikupanda. Tena ya juu na ya chini zimesogeleana. Fungu lenu moja. Ni mirungi gani hiyo inayokujua wewe isimjue yeye?"

"Mimi mtu mzima. Presha ni maradhi ya watu wazima."

"Haya, lete kucha."

Anabonyeza ukucha wa Naji mpaka unakuwa mweupe, anauachia. "Bismillahi," anasema, na wekundu umesharudi. Anabonyeza wa Shauki. "Bismillahi Rahmani Rahim," anasema polepole. Ukucha bado mweupe. Anarudia mkono wa pili, maana huku milimani baridi peke yake huweza kumdanganya mtu. Mweupe vilevile.

"Asiondoke," anasema.

Naji amekwishaokota viatu vya Shauki. "Binti, nakuheshimu. Lakini kijana anaongea, anatembea, anakutania. Wazee wazima wamekaa wanatungoja. Nikawaambie nini, kucha zake nyeupe?"

"Waambie hivyo hivyo."

"Watanicheka mpaka siku ya kiama."

Nesi hana nguvu ya kumzuia mtu. Ndugu wakitaka kumchukua wao, wanamchukua, na wengi wamechukuliwa kupitia mlango huo. Wahiba anajua kupigana na Naji hakutamsaidia kijana. Anamwomba kitu kidogo tu: "Kunywa kikombe cha chai. Ukimaliza nipime tena. Namba zikibaki pale pale, nenda naye, nami nitakuombea dua." Naji anakubali. Chai ya bure hakatai, na mdomo ni mtupu. Lakini viatu vya Shauki havitoi mkononi.

Huku chai ikinywewa Wahiba hakai bure. Anamtia Shauki sindano ya mshipa, anamfunika blanketi, anamtuma mtu kwa Daktari Mutahhar. Wahiba na daktari huyu wamefanya kazi pamoja muda mrefu. Daktari mwenyewe hutafuna siku za mapumziko, na hafichi.

"Mirungi inanichanganya hata mimi niliyesoma," aliniambia daktari baadaye. "Nikiwa na mgonjwa mezani, Wahiba ndiye ananiambia nani anafuata. Akikosea yeye nimekosea mimi. Kwa hiyo tunapima wote, tena na tena. Kipimo kimoja hakikuambii kitu. Unataka kujua mtu anaelekea wapi."

Wahiba ana miaka thelathini na minane, ni mama wa watoto watatu. Alisomea unesi mjini Ibb, akarudi hapa kwao, na hapa amebaki. Mshahara wake huja ukipenda. Mumewe analima mahindi, na ndiyo wanayokula. Glavu huzipanga kwa uangalifu, na kipimo cha presha amekishona kitambaa chake kwa mkono. Akiulizwa kwa nini hakuhamia hospitali ya mjini kama wenzake, anajibu, "Huko majeruhi wanafika wamekwishazimia, kila mtu anajua ni wagonjwa. Hapa wanafika wanacheka. Nani atabaki na hawa wanaocheka?"

Shauki kwanza anaongea sana. Anasimulia kona, anasimulia mbuzi aliyemkwepa, anamwambia mama yake asilie kwa ajili ya kidevu kwani mtu haoi kwa kidevu. Anageuka upande huu, anageuka upande ule. Anaomba maji. Anasema bega la kushoto linamuuma, ajabu, maana hakuangukia bega. Anaomba maji tena.

Halafu ananyamaza. Macho wazi, anatazama dirisha.

Naji anaweka kikombe chini. "Mmeona? Ameingia saa yake ya Sulaimani. Ametulia sasa. Tumchukue akiwa ametulia."

Saa ya Sulaimani kila mtu hapa anaijua. Ni ile ya magharibi, mirungi imeshakolea, mzaha umekwisha chumbani, kila mtu anatazama dirisha na mawazo yake. Mtu akiwa ndani ya saa hiyo hasemeshwi. Ni adabu. Unampitia kimya, unamwacha na yake.

Mkono wa Wahiba unasimama hewani, kisha unaushika wa kijana. Lakini anayejibu si yeye. Ni Lutfia.

"Saa tisa na nusu!" anasema. "Sulaimani gani huyo wa saa tisa na nusu, jua bado linachoma paa?"

"Shemeji, punguza sauti."

"Sipunguzi. Tena mwanangu hana saa hiyo. Wenzake wakinyamaza magharibi yeye ndiyo anaimba, mpaka majirani wanaleta malalamiko. Wewe mwenyewe huwa unamtoa nje. Leo ndiyo umemgeuza mwenye hekima?"

Naji anavibana viatu kwapani.

"Tangu ndugu yako afariki nakwambia naam," anasema Lutfia. "Shamba naam, kesi naam. Sasa viatu vya mwanangu viweke chini."

Naji anaviweka chini. Anavipanga sawasawa kando ya kitanda, kimoja karibu na kingine.

Mapigo ni mia moja na thelathini na nne. Presha ya juu ni tisini na sita. Namba ya mapigo, inayotakiwa kuwa chini sana ya ile ya juu ya presha, sasa imeipita mbali. Wahiba anageukia mlango. Anaita "Daktari!" kwa sauti ambayo haina haja ya kurudiwa.

Daktari Mutahhar anakuja na mashine ya picha, ile ile wanayowapimia wajawazito. Anaiweka upande wa kushoto wa tumbo, na pale pasipotakiwa kuwa na kitu pana weusi, na weusi ni damu. Wengu, yaani bandama, limepasuka. Bega lilikuwa linauma kwa sababu damu iliyo tumboni inachokoza juu kwenye kiwambo cha pumzi, na maumivu yanatokea begani. Shauki anasukumwa kwenda chumba cha upasuaji.

Damu ya kumrudishia hakuna kwenye friji. Hapa damu iko kwenye mikono ya ndugu. Naji anakunja mkono wa kanzu, anakaa kwenye kiti. Presha yake haijashuka, anakataliwa.

"Nimekuja na mgonjwa nimegeuzwa mgonjwa," anasema, na anatoka mbio kupiga simu.

Wanaume wa kikao cha sulhu wanafika kwa gari la wazi, wamejaa nyuma, majambia viunoni, mashavu yametuna. Mlangoni wanakuta beseni la bluu na Naji kasimama kando yake.

"Temeni," anawaambia.

"We Naji, umepatwa na nini?"

"Temeni, nasema! Anayeingia hapa anatema!"

Wanatema mmoja mmoja, mzee kwa kijana. Baadhi yao ni wa upande wa pili wa kesi. Wengi wanakataliwa kwa presha, wengine kwa aina ya damu, wachache wanabaki, na wawili kati ya hao ndio damu yao inayoingia mwilini mwa Shauki kabla jua halijazama. Mmoja wa hao wawili ndiye anayedai mpaka wa shamba uko upande huu wa ule mti wa tini. Lutfia anamfahamu. Anampelekea juisi ya embe kwa mkono wake mwenyewe, na hakuna anayezungumzia mpaka.

Upasuaji unakwisha salama. Wengu limetolewa. Daktari anasema wangechelewa mpaka kikao kiishe, angekuwa anasema maneno mengine.

Baadaye, kazi imepungua, Wahiba anakaa na chai yake nyuma ya pazia, amevua miwani. Anaulizwa kwa nini alishtuka vile Naji alipotaja saa ya Sulaimani, maana waliokuwepo waliona mkono wake umesimama hewani.



"Nilikuwa na kaka, Ghalib," anasema. "Mimi bado nasoma mjini. Alianguka kwenye ukuta wa ngazi za shamba letu la mlimani, amebeba mzigo. Akanyanyuka anacheka, wenzake wakamtania wakamaliza. Alasiri akaenda kukaa nao. Anaomba maji, anapewa. Kabla ya magharibi akanyamaza. Wakasema Ghalib leo kaingia mapema. Wakamwekea mto mzuri. Wakapunguza redio asisumbuliwe."

Walipomgusa kwa ajili ya swala, alikuwa amekwishakwenda.

"Watu huuliza kama nina hasira nao. Hasira ya nini? Walimpenda. Walipunguza redio kwa ajili yake. Adabu yao ndiyo iliyomficha."

Anakunywa chai kidogo.

"Ninachokifikiria mimi ni mlango. Mama yangu ndiye aliyekuwa akipeleka maji. Wanaume wako ndani, haingii, anagonga, mkono wa Ghalib unatoka, unachukua jagi, mlango unafungwa. Tena na tena. Mkono wake ulikuwa hapa." Anaonyesha mbele ya kifua chake. "Mama alikuwa mtu wa mwisho kuwa karibu na mkono ule. Angeushika tu, angejua. Lakini nani alimwambia aushike?"

Ndiyo mpango alionao sasa, na ameshaanza. Vyumba vya wanaume hawezi kuingia, na hata angeweza, nani angemsikiliza wakati wa mirungi? Kwa hiyo anakwenda kwa wanaopeleka maji. Siku ya mapumziko anakusanya wanawake nyumbani kwake, wake na mama na dada, anawawekea mkate na asali, na anawafundisha mkono. Ulivyo ukiwa mzima. Ulivyo ukiwa umenyimwa damu. Namna ya kubonyeza ukucha, kuuachia na kusema Bismillahi Rahmani Rahim: ukimaliza na bado ni mweupe, damu haifiki.

Anawaambia hivi, nami nayaandika kama alivyosema, ili nawe umwambie mwenzako: Mwanao akianguka, akigongwa, akipigwa na kitu tumboni au kifuani, usimtazame anavyocheka. Mshike mkono. Ukiwa baridi na majimaji, akiwa anaomba maji hashibi, akiwa hatulii, usikubali kuambiwa mirungi. Usimpe maji zaidi, usimpe chakula, mlaze, mfunike, mlete. Na akinyamaza, usimheshimu. Msumbue. Mwite jina. Asipokujibu vizuri piga kelele mpaka wanaume watoke.

"Wengine wananiambia, Wahiba, waume zetu watasema tumekuwa wapelelezi," anasema. "Nawajibu, semeni nesi ndiye aliyewatuma. Hasira zote zije kwangu hospitali, beseni lipo."

Anatamani apate vipimo vya presha vichache, kimoja kwa kila kijiji, kwa mwanamke mmoja anayejua kusoma namba. Bado hajavipata. Anasema hatangoja, maana mikono ipo tayari kila nyumba.

Lutfia alikuwa wa kwanza kufika kwenye mafunzo hayo, na sasa ndiye anayewapangia wenzake zamu ya kuja. Shauki amerudi nyumbani. Daktari amemkataza mirungi mpaka kidonda kipone, amemkataza na pikipiki, kwa hiyo hukaa na ami yake na wageni mchana mzima hana jani, ana hasira, anakunywa maji tu na kubishana na kila mtu. Kesi ya mpaka haijaisha, lakini wanaikalia chumba kimoja.

Juzi Wahiba alipita kumtazama Shauki kidonda. Alikuwa uani na Lutfia iliposikika sauti ya Naji kutoka chumba cha wanaume ikiita maji. Lutfia akachukua jagi, akagonga. Mlango ukafunguka kidogo, mkono wa Shauki ukatoka.

Lutfia akampa jagi kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili akamshika kiganja, akabonyeza ukucha, midomo ikaanza kucheza.

"Mama, niachie! Maji yanamwagika!"

"Yamwagike," akasema Lutfia, na hakuachia mpaka alipomaliza.